Darasa Lisiishie Ukutani

Mgeni aliyelala Karatu Jumatatu, akashuka katika kreta ya Ngorongoro alfajiri ya Jumanne, aghalabu Alhamisi huwa amekwisha fika Nungwi au Paje, ameketi mchangani akitazama ngalawa zikirudi. Hiyo ndiyo njia wanayoifuata watalii wengi waingiao nchini mwetu, na watoto wa pande zote mbili humwona akipita. Wa Karatu humpungia mkono kando ya barabara iendayo lango la Lodoare. Wa Nungwi hukutana naye ufukweni wakirudi chuoni. Yeye ameiona kreta na ameiona bahari. Mtoto wa Karatu, aliyezaliwa chini ya mlima ule ule, huenda akamaliza shule ya msingi asiione kreta hata siku moja, na mwenziwe wa pwani huenda akamaliza asiulizwe darasani hata swali moja juu ya maji kupwa na kujaa.

Ni kwa sababu hiyo gazeti hili, ambalo wasomaji wake wengi ni watu wa Visiwani, leo linageuza uso kuelekea nyanda za juu za Mkoa wa Arusha. Tunataka kusema juu ya ubunifu katika ufundishaji, jambo ambalo kwa miaka mingi limetajwa katika semina, katika maazimio na katika hotuba za ufunguzi, lakini ambalo mara nyingi hufungiwa kabatini pamoja na zana zilizoletwa na wafadhili, na ufunguo akabaki nao Mwalimu Mkuu. Kwa maoni yetu, ubunifu si pambo la kuongezwa juu ya somo. Ni pale mwalimu anapouliza swali ambalo jibu lake halimo kitabuni, kisha akawaachia watoto walitafute kwa macho yao na mikono yao. Na kama kuna mahali katika Tanzania ambapo maswali ya namna hiyo yamelala nje ya mlango wa darasa, yakingoja kuokotwa, ni Karatu na Ngorongoro.

Kwa faida ya wale ambao hawajafika huko, yafaa tueleze kidogo. Kreta ni mlima wa volkano uliobomokea ndani, ukaacha bakuli lenye kina cha kadiri ya mita 600 na sakafu ya kilomita za mraba zipatazo 260, yaani takriban sehemu moja ya sita ya kisiwa cha Unguja. Hifadhi yake ilitengwa na Serengeti mwaka 1959 ili wafugaji na wanyama wa porini waishi pamoja, na mwaka 1979 ikaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Karatu ndio mji wa chini yake, na wilaya yake ilimegwa kutoka Mbulu. Wenyeji wengi wa hapo ni Wairaqw, wakulima wa ngano, mahindi na maharage. Ukiteremka kuelekea ziwa Eyasi utawakuta Wahadzabe na Wadatoga. Juu mlimani na ng'ambo yake wako Wamaasai na mifugo yao.

Karibu na bonde la Oldupai kuna kilima cha mchanga mweusi, chenye umbo la mwezi mwandamo, ambacho hutembea. Mchanga wake ni majivu ya Ol Doinyo Lengai, mlima ambao hadi leo hutoa moto. Upepo husukuma punje kutoka mgongoni mwa kilima hadi mbele yake, punje baada ya punje, hivi kwamba kilima kizima husogea kadiri ya mita 17 kwa mwaka bila ya kupoteza umbo lake. Ukisogeza sumaku, punje hunasa. Vigingi vimewekwa kuonyesha mahali kilipokuwa katika miaka iliyopita.

Sasa tulichukue darasa la tano, ambalo lina somo la wastani na mwendo. Kitabu huwauliza watoto juu ya gari lililotoka mji A saa mbili asubuhi kwenda mji B; miji ambayo hakuna aliyewahi kuifika. Mwalimu akiwapeleka watoto wale kwenye kilima kitembeacho, pamoja na kamba yenye fundo kila baada ya mita moja, akawaambia wapime toka kigingi hadi kigingi, wagawe kwa miaka, kisha wakisie kilima kitachukua muda gani kwenda kilomita moja, watapata jibu linalokaribia miaka 59. Lakini hawataishia hapo. Mmoja atauliza kama upepo wa kila mwaka una nguvu sawa. Mwingine atauliza mwaka wa mvua nyingi mchanga huwaje. Wa tatu, ambaye amechunga mbuzi huko, atasema kwamba upande mmoja una nyasi na mwingine hauna, na yeye ndiye atakayewafundisha wenziwe siku hiyo, ingawa katika mtihani wa mwezi uliopita alikuwa wa mwisho.

Kusini ya Oldupai ni Laetoli. Mwaka 1978 kundi la watafiti wa Dakta Mary Leakey lilifukua hapo nyayo za viumbe waliokwenda kwa miguu miwili miaka milioni 3.6 iliyopita, wakapita juu ya majivu ya volkano yaliyoloweshwa na mvua. Nyayo zile zimefunikwa tena kwa udongo na mawe ili zisiharibike, kwa hiyo hata mtoto akipelekwa hatazikuta wazi. Wapo watakaosema kwamba basi hakuna la kufundisha ila kuonyesha picha. Sisi twaona kinyume chake. Ndoo mbili za maji, majivu ya jikoni, udongo laini na kipande cha uwanja wa shule vyatosha. Watoto watatu wapite juu yake, mmoja mrefu, mmoja mfupi, wa tatu akikanyaga pale pale alipokanyaga wa mbele yake, kama wataalamu wengine wanavyoamini kuwa ilitokea kule Laetoli. Kisha waitwe wenzao waliokuwa wamefungiwa darasani, wasiojua nani amepita, waje wazisome: walikuwa wangapi, nani mzito, nani alikuwa na haraka, nani alisimama akageuka. Mtoto wa mfugaji, ambaye kila siku hufuata nyayo za ndama aliyepotea, atakuwa bingwa wa somo hilo. Wanazuoni wakubwa wa dunia wamefanya kazi hiyo hiyo, kwa vipimo vilivyo bora zaidi.

Hapa tungependa kuwakumbusha wasomaji wetu wa Visiwani jambo ambalo huenda linawapita. Fuvu mashuhuri alilolifukua Mary Leakey huko Oldupai Julai 1959, la kiumbe aliyeishi miaka ipatayo milioni 1.75 iliyopita, lilipewa jina la Zinjanthropus. Baadaye wataalamu walimbadilishia ukoo, lakini jina la kwanza ndilo lililobaki vinywani. Zinj ni jina walilolitumia Waarabu wa kale kwa pwani hii ya Afrika Mashariki, na ndilo hilo hilo lililomo ndani ya jina la Zanzibar. Mtoto wa Rahaleo na mtoto wa Endulen, basi, wana somo moja la historia lenye ncha mbili, na mwalimu wa upande wowote anaweza kulianzia kwa swali jepesi: fuvu la bara lilipataje jina la pwani?

Tusije tukadhaniwa kwamba ubunifu ni mambo ya mafuvu na volkano tu. Mang'ola, bondeni karibu na ziwa Eyasi, ni nchi ya vitunguu vya kumwagilia. Mkulima huuza kwa gunia, na gunia hilo mara nyingi hufungwa lumbesa, yaani hujazwa mpaka mdomoni, kisha likaongezewa kilemba juu, na bei ikabaki ya gunia moja. Serikali imekwisha kulipiga marufuku jambo hilo mara nyingi, na Wakala wa Vipimo hulipigia kelele, lakini lumbesa haijafa. Watoto wa wakulima wale ndio wanaoketi darasani wakijumlisha maembe ya Juma na machungwa ya Asha! Mwalimu akiazima mizani, akapima pamoja nao gunia la kawaida na gunia la lumbesa, wakatoa, wakazidisha kwa magunia ya msimu mzima, mtoto atarudi nyumbani na hesabu ambayo baba yake ataketi kuisikiliza. Twajua kwamba hesabu ya namna hiyo haitawapendeza madalali. Hilo halimhusu mwalimu wa Hisabati.

Kuna kizuizi kimoja ambacho watu wa Visiwani hatukijui kwa uchungu wake. Mtoto wa Makunduchi au wa Wete anapoingia darasa la kwanza hukuta Kiswahili, na tofauti kati ya cha nyumbani na cha shuleni ni ya lahaja. Mtoto wa Kiiraqw, wa Kimaasai, wa Kidatoga, na hasa wa Kihadzabe, ambaye lugha yake ina sauti za kudata ambazo jirani zake hawana, huingia darasani akiwa bubu kwa amri ya mazingira. Anaposukumwa kuitikia pamoja na wenzake, huitikia. Sauti hutoka, mwalimu hudhani somo limeingia. Kukariri kwa pamoja ndiko kimbilio la asiyeelewa, na hapana mtoto awezaye kubuni chochote katika lugha ambayo hajaweza kuulizia maji ya kunywa. Kiswahili ni lugha ya taifa na hatutaki kipungue hata chembe; twasema tu kwamba mtoto wa madarasa ya mwanzo aruhusiwe kueleza alichokiona kwanza kwa maneno ya mama yake, mwenzake amsaidie kukihamishia katika Kiswahili, na mwalimu asimpige wala kumcheka.

Na wazee je? Kuna ndege ambaye huwaongoza Wahadzabe hadi kwenye mzinga wa asali, akiruka mti hadi mti huku akiita, kisha hungoja apate nta yake. Mzee wa Kihadzabe awezaye kuitikizana naye ni mwalimu wa sayansi kuliko ukurasa wowote uliochapwa Dar es Salaam. Mhunzi wa Kidatoga, ambaye hugeuza vipande vya chuma chakavu kuwa vichwa vya mishale, anajua juu ya joto na metali mambo ambayo mwanafunzi wa sekondari huyakariri asiyaone. Mama wa Kimaasai anayepanga shanga ana jiometri vidoleni. Kuwaalika watu hawa shuleni hakuhitaji fungu la fedha. Kunahitaji Mwalimu Mkuu asiyeogopa kuulizwa mgeni huyu ameingia kwa kibali cha nani.

Fikra hii si ngeni katika nchi yetu. Machi 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alilaumu shule zinazomfanya mtoto aamini kwamba maarifa yote yamo vitabuni na kwamba wazee wake hawajui kitu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, shule ya Kwamsisi, Handeni, ilijaribiwa mpango wa kuunganisha masomo na maisha ya kijiji, chini ya Chuo cha Ualimu cha Korogwe. Nini kilitokea baadaye, watu wazima wanakumbuka. Elimu kwa Wote ilipoanza kutekelezwa mwaka 1977, watoto walifurika madarasani, walimu wakaandaliwa kwa haraka, na shamba la shule, ambalo lilikusudiwa kuwa maabara, likageuka mahali pa adhabu kwa waliochelewa. Walilima maharage, hawakuulizwa kwa nini majani yamekuwa ya manjano. Fikra nzuri iliyogeuzwa kuwa amri ilikosa roho yake, na twaogopa kwamba huenda hayo yakarudiwa leo kwa maneno mapya.

Kwa maana maneno mapya yapo. Tangu mwaka 2005 mitaala ya Bara imekuwa ikizungumzia ujenzi wa umahiri, na mtaala ulioanza kutumika Januari 2024, kufuatana na Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, unasisitiza kutenda zaidi ya kukariri. Ni hatua njema na tunaiunga mkono. Lakini mwalimu huyatazama zaidi mambo yatakayomhukumu, na mambo hayo ni mawili. La kwanza ni mtihani. Mwaka 2012 mtihani wa kumaliza elimu ya msingi Bara ulianza kujibiwa kwa kusiliba duara kwa penseli, na mtoto asiyejua kuandika sentensi akaweza kubahatisha. Ingawa baadaye Hisabati iliongezewa maswali machache ya kuonyesha njia, mazoea ya kusiliba yalikwisha ingia katika damu ya shule. La pili ni mkaguzi, ambaye siku hizi Bara huitwa mthibiti ubora. Afikapo, hudai azimio la kazi, andalio la somo na kumbukumbu za somo. Mwalimu aliyewatoa watoto nje kufuata siafu kwa nusu saa, akarudi nao wana maswali 20, asipokuwa na andalio lililojazwa ana makosa. Mwalimu aliyejaza madaftari yote na kuwasinzisha watoto ni mwalimu bora. Tuongeze kwamba sera inataka mwalimu mmoja kwa watoto 45, na kila ofisa elimu anajua ni madarasa mangapi yanayopita kiwango hicho mara mbili. Si haki kumdai ubunifu mtu ambaye hana pa kupitisha miguu kati ya madawati.

Mwandishi wa safu hii alisoma katika shule iliyokuwa hatua chache kutoka baharini. Somo la samaki tulilipata kwa kunakili mchoro ubaoni, pezi hili na pezi lile, huku harufu ya dagaa walioanikwa ikiingia dirishani. Mwenzetu mmoja, mtoto wa mvuvi, alinyanyua mkono akasema pezi la samaki yule limechorwa kinyume. Alichapwa viboko viwili kwa utovu wa adabu. Alikuwa amesema kweli, na darasa zima lilijua hivyo, kwani sote tulikuwa tumekula samaki mchana ule. Hakunyanyua mkono tena hadi tulipoachana.

Basi Visiwani hatuna haki ya kuwacheka wa Karatu. Tunacho, hata hivyo, kitu cha kuwaonyesha. Tangu mwaka 1990 Zanzibar imekuwa na mpango wa skuli za maandalizi zilizoanzishwa ndani ya vyuo vya Kurani, uliotangulia Mombasa katika miaka ya 1980 kwa msaada wa Taasisi ya Aga Khan. Walimu wake, wengi wao akina mama wa mitaa ile ile, walifundishwa kutengeneza zana kwa vifuu vya nazi, makombe, vizibo vya soda, ukili na vitambaa vya fundi cherehani. Mtoto huhesabu kwa makombe aliyoyaokota mwenyewe. Baadaye, katika miaka ya 2000, zilifuata redio na vipindi vya Tucheze Tujifunze, ambavyo viliwafikia watoto wa vijiji visivyo na skuli za maandalizi. Hapana aliyesema kwamba kucheza kumeondoa adabu chuoni.

Kwa hiyo tuna maombi, na tunayaelekeza kwa wenye madaraka. Wathibiti ubora wa Karatu na Ngorongoro waketi darasani dakika 20 kabla ya kuomba daftari lolote, na katika taarifa zao waandike idadi ya maswali yaliyoulizwa na watoto. Baraza la Mitihani litenge sehemu ya alama kwa kazi aliyoifanya mtoto kwa mikono yake, hata kama usimamizi wake ni mgumu. Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro, ambayo imewahi kuwalipia ada watoto wengi wa wafugaji, iwafungulie watoto wa darasa la tano wa wilaya hizi mbili siku moja kwa mwaka bila ya kiingilio. Usafiri si kisingizio: Aprili na Mei, wakati wa masika, watalii hupungua na magari mengi ya kampuni huegeshwa Karatu na Arusha yakioshwa na mvua. Barabara ya kushukia kretani huwa na utelezi miezi hiyo, twakubali. Siku zichaguliwe kwa hekima, na mvua ikizidi, watoto watosheke na ukingoni, ambako sakafu yote huonekana.

Hatuwezi kuacha kutaja familia zilizohama Ngorongoro tangu Juni 2022 kwenda Msomera, katika Wilaya ile ile ya Handeni iliyokuwa na jaribio la Kwamsisi. Uhamaji huo una mabishano makubwa ambayo safu hii haitayamaliza leo. Lakini mtoto aliyehama amekwenda na ujuzi wake wa rangi za ng'ombe, nyota na nyasi, na mwalimu wake mpya asimpokee kama ubao mtupu.

Ombi la mwisho ni kwa wizara zote mbili, ya Bara na ya Zanzibar. Walimu 10 kutoka Karatu na Ngorongoro waje Unguja na Pemba kwa wiki mbili za muhula, waketi katika skuli za maandalizi waone vifuu vikifanya kazi. Na 10 wa kwetu waende huko, wapime kilima kitembeacho. Boti kutoka Malindi hadi Dar es Salaam ni mwendo wa saa mbili, na kutoka hapo basi la Arusha na Karatu ni safari ya siku moja. Gharama hiyo haitalitikisa fungu la wizara yoyote. Shule na skuli zitakazopenda kuanza zipeleke majina yao kwa maofisa elimu wa wilaya kabla makadirio ya mwaka ujao hayajafungwa.